Tyler Mara Nne

Pembetatu ya Bloom, ile inayopanga malengo ya kujifunza kwa ngazi, ni mwenyeji wa darasa la uzamili wa elimu. Inaonekana kwenye kozi ya mtaala, inarudi kwenye upimaji na tathmini, inapita kwenye saikolojia ya elimu, na muhula wa pili inabisha hodi kwenye mbinu za kufundishia. Ngazi ni zilezile sita, rangi zilezile, pengine hata kosa la tahajia ni lilelile, maana slaidi zimehama kutoka flashi hadi flashi. Mwalimu wa sekondari aliyeomba ruhusa ya masomo na kujilipia ada anaitazama kwa adabu, kisha anainamia simu yake.

Mwalimu huyo anaweza kuhitimu bila kuambiwa kwamba orodha ile ya 1956 ilifumuliwa mwaka 2001 na Anderson na Krathwohl: nomino zikawa vitenzi, kuunda kukapanda juu ya kutathmini, na pembeni zikaongezwa aina nne za maarifa. Ameiona mara nne. Hajaingia ndani yake hata mara moja.

Kurudia peke yake si kosa. Ralph Tyler, katika kitabu chake kidogo cha 1949 kilichotokana na kozi aliyofundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alitaja vigezo vitatu vya kupanga yanayofundishwa: mwendelezo, mfuatano na muunganiko. Mwendelezo unataka jambo la msingi lirudi tena na tena. Mfuatano unataka kila linaporudi lipanuke na kuzama zaidi. Jerome Bruner alilitetea wazo la jamii hiyo mwaka 1960. Programu inayoonyesha pembetatu ileile kozi nne imeshika kigezo cha kwanza na kukitupa cha pili. Na Tyler mwenyewe yumo katika orodha ya wanaorudiwa!

Hasara ya marudio hayo inahesabika. Katika mfumo wa Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kusoma, za darasani na za binafsi zikiwa pamoja. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Robo yake ikiwa marudio matupu, mwanafunzi amepoteza saa 30 ambazo angezitumia kusoma takwimu, eneo linalowakwamisha wengi wanapofika kwenye tasnifu.

Wahadhiri wana utetezi wao, na una uzito. Darasa moja lina aliyesomea ualimu tangu shahada ya kwanza na aliyetoka uhasibu. Lazima mtu aanzie mahali. Lakini utetezi huo unatosha kwa kozi moja ya msingi, si kwa nne. Kiini kiko kwingine: muhtasari wa kozi hutendewa kama shamba la mtu. Kila mmoja analima lake, na hakuna anayepanda kilimani kuangalia bonde zima isipokuwa mwanafunzi, ambaye haulizwi mpaka ajaze fomu ya tathmini mwisho wa muhula, tena kozi moja moja. Malalamiko haya ni ya zamani: James Koerner aliwashutumu waandaaji wa walimu wa Marekani kwa marudio hayohayo mwaka 1963.

Mgawanyo wa mada kati ya kozi unawezekana. Chukua Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Mwalimu Nyerere wa Machi 1967, ambao hutajwa karibu kila kozi kwa aya mbili tatu. Kozi ya falsafa iusome wote, neno kwa neno. Kozi ya sera ifuate safari yake hadi Azimio la Musoma la 1974 na mbio za kumfikishia kila mtoto elimu ya msingi. Kozi ya uchumi wa elimu iulize mbio hizo ziligharimu nini na nani alilipa. Waraka mmoja, maswali matatu, na hakuna anayesinzia.

Kinachotakiwa ni idara kuweka mihtasari yote juu ya meza moja, mada upande huu na kozi upande ule, na kuweka alama kila mada inapotokea. Penye alama mbili, wahusika waelezane nani anaanzia wapi. Wasipoweza kueleza, mmoja aifute. Kikao hicho kiitishwe kabla ya muhula kufunguliwa, na wajumbe waje wamemsoma Tyler. Kitabu chenyewe hakifiki kurasa 130.