Viboko shuleni: sheria inaruhusu vingapi, na mwalimu akizidisha nani anajibu

Kila tunapogusa suala la viboko kwenye kipindi, simu haziishi. Wasikilizaji wa Kibaha mjini na Mlandizi, na wale wa Maneromango, Mzenga na Masaki upande wa Kisarawe, hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaosema viboko vilishafutwa, kwa hiyo mwalimu yeyote anayechapa anavunja sheria. Wapo wanaosema mwalimu amekaa mahali pa mzazi, achape atakavyo. Wote wamekosea, na kukosea huku kunawagharimu. Mzazi anakwenda polisi kulalamika kwamba mtoto kachapwa, anaambiwa kuchapwa si kosa, anarudi nyumbani amenyamaza. Mwalimu naye anaendelea kuchapa akidhani serikali iko nyuma yake, kumbe alishatoka nje ya ruhusa siku nyingi.

Tanzania Bara haijafuta viboko shuleni. Wenzetu wa Kenya waliviondoa mwaka 2001, na Uganda ikavikataza kwa sheria mwaka 2016. Sisi tunavyo, lakini vimewekewa mipaka. Mipaka hiyo imo katika Kanuni za Elimu za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, Tangazo la Serikali namba 294, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Kanuni za mwanzo, za mwaka 1979, ziliruhusu hadi viboko sita. Hizi za 2002 zilishusha hadi vinne.

Vinne ni kikomo. Kanuni inasema adhabu ilingane na uzito wa kosa, umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake, na kwa vyovyote isizidi viboko vinne kwa mara moja. Mtoto wa darasa la pili mwenye pumu hawezi kupimwa sawa na kijana wa kidato cha nne. Na kosa lenyewe liwe zito: kuvunja nidhamu ya shule kwa kiwango kikubwa, au jambo la kuiaibisha shule, liwe limefanyika ndani au nje ya shule. Kuchelewa namba asubuhi kwa sababu mvua ilijaza mto njiani, au kukosa hesabu ubaoni, kwa maoni yetu hayafiki hapo, ingawa sote tunajua fimbo nyingi hutembea kwa sababu za namna hiyo.

Kanuni inataja hata fimbo yenyewe na mahali pa kuchapa. Iwe fimbo nyepesi inayopinda, na ipigwe mkononi au makalioni juu ya nguo za kawaida. Mgongoni hapana, kichwani hapana, kwenye nyayo hapana. Makofi, mateke, mpira wa maji na waya havimo kabisa. Mwalimu anayempiga mtoto kofi hajatoa adhabu iliyozidi kiasi, ametoa adhabu ambayo kanuni haiitambui.

Halafu kuna swali la nani achape, na hapa ndipo shule nyingi hujikwaa. Mwenye mamlaka ni mkuu wa shule. Anaweza kumkabidhi mwalimu mwingine mamlaka hayo kwa maandishi, lakini hata huyo aliyekabidhiwa lazima apate idhini ya mkuu kila mara anapotaka kuchapa. Mwalimu wa zamu aliyesimama getini na fimbo mkononi, akiwachapa wote waliochelewa kwa uamuzi wake, hana mamlaka hayo hata kama kila mtoto anapata kiboko kimoja tu. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike hata mmoja.

Jambo la mwisho ndilo tunaloomba wazazi walishike kuliko yote: daftari. Kila adhabu ya viboko lazima iandikwe katika daftari maalumu. Linaandikwa jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la mwalimu aliyechapa, na mkuu wa shule anatia sahihi. Mzazi mwenye malalamiko asianze kwa ugomvi. Aende shuleni kwa utulivu, ikiwezekana pamoja na mjumbe wa kamati ya shule, aombe kuonyeshwa adhabu ya mwanawe ilivyoandikwa. Kama haikuandikwa, au daftari lenyewe halipo, mkuu wa shule ana jambo la kueleza. Kanuni zinasema mkuu asiyezifuata anaweza kuchukuliwa hatua za nidhamu, yeye mwenyewe, hata kama fimbo hakuishika.

Sasa tuseme mtoto amerudi nyumbani na majeraha. Kama hali ni mbaya, hospitali kwanza: Tumbi kwa walio Kibaha, hospitali ya wilaya kwa walio Kisarawe, au kituo cha afya kilicho karibu. Kama anaweza kusubiri kidogo, pitia polisi uchukue fomu ya PF3, daktari aijaze. Usikae siku tatu ukimkanda mtoto kwa maji ya moto huku ukijadiliana na ndugu. Uvimbe ukishapungua, daktari ataandika alichokiona siku hiyo, siyo kilichokuwepo. Mama mmoja wa Kisarawe aliyetupigia simu alisubiri wiki nzima kwa kuwa aliahidiwa kikao cha kuyamaliza. Kikao hakikufanyika, na alipofika kituoni hakuwa na kitu cha kuonyesha.

Kutoka hapo kuna njia tatu, na moja haizuii nyingine.

Njia ya kwanza ni ya kazi. Malalamiko huanzia kwa mkuu wa shule, yakikwama yanakwenda kwa ofisa elimu kata, kisha kwa ofisa elimu wa halmashauri. Mwalimu wa shule ya serikali anashughulikiwa kinidhamu chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na anaweza kufika hadi kufukuzwa kazi. Andika barua, baki na nakala yenye mhuri wa ofisi iliyopokea. Malalamiko ya mdomo hupotea njiani.

Ya pili ni ya jinai, na hii humfuata mtu mwenyewe. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili, na inataka hata adhabu ya kumrekebisha iwe ya kiasi kulingana na umri na hali yake. Kifungu cha 14 kinaweka faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu nayo ina kosa la shambulio la kudhuru mwili, ambalo kifungo chake hufika miaka 5. Mtoto akifa, hatuzungumzii tena shambulio. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwalimu mmoja kwa mauaji na kumhukumu kunyongwa. Mwalimu mwenzake aliyeshtakiwa pamoja naye aliachiwa huru.

Njia ya tatu ni madai ya fidia. Hapa mwajiri anaweza kujibu kwa kitendo alichofanya mwajiriwa wake akiwa kazini. Kwa shule binafsi, mwajiri ni mmiliki wa shule. Kwa shule ya serikali, huwezi kuishtaki halmashauri leo kwa leo: unatoa kwanza notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa kwenye kesi. Muda wa kufungua madai ya aina hii ni miaka 3. Njia hii ni ndefu na si ya kuiendea peke yako. Waulizie wasaidizi wa kisheria waliopo wilayani kwenu, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na msaada wao ni bure.

Walimu nao hutupigia, na tunawasikia. Mtu mmoja mbele ya darasa lililofurika, mzazi haonekani kwenye mkutano hata mmoja, kisha siku mtoto akiguswa mzazi huyohuyo anafika na panga. Kumvamia mwalimu ni jinai vilevile, na hakuna kosa la mwalimu linaloihalalisha. Kwa mwalimu aliyefuata utaratibu, lile daftari ndilo linalomwokoa: linaonyesha kosa, idadi, idhini na sahihi. Mwanafunzi anayekataa adhabu iliyotolewa kihalali anaweza kusimamishwa masomo, hilo nalo limo kwenye kanuni, kwa hiyo mzazi asimfundishe mtoto kugoma tu kwa kuwa amesikia redioni kwamba kuna haki.

Jirani je? Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuziripoti kwenye serikali ya mtaa au kijiji. Huhitaji kuwa mzazi. Unaweza kwenda kwa mtendaji, kwa ofisa ustawi wa jamii, au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Aliye mbali na ofisi hizo apige 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haikatwi salio, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.