Bei ya Umbali: Lenzi za Mbali na Mwambao wa Kaskazini wa Tanganyika

Tarehe 13 Februari 1858, Richard Burton na John Hanning Speke walipofika juu ya kilima ambacho chini yake Ziwa Tanganyika lilikuwa limelala kati ya milima yake, mmoja wao hakuliona. Maradhi ya macho yalikuwa yamemtesa Speke njiani, na pale mwenziwe alipofurahi kuyatazama maji ya samawati, yeye aliambulia ukungu na mng'aro. Mnamo tarehe 26 Aprili wote wawili waliwasili Uvira kwa mitumbwi iliyotoka Ujiji, wakiwa na shauku ya kuuona mto Ruzizi. Maana kama mto huo ungekuwa unatoka ziwani na kuelekea kaskazini, basi fumbo la chanzo cha Nili lingekuwa limefumbuliwa. Wana wa sultani wa Uvira waliwaambia kwa uwazi kwamba mto unaingia ziwani wala hautoki. Wapiga makasia, kwa khofu ya watu wa mbele, wakakataa kwenda zaidi. Na wasafiri wale wakarudi bila ya kuutia machoni mlango wa mto. Hata Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipoufikia mlango wenyewe, ndipo maneno ya wana wa sultani yalipothibitika mbele ya walimwengu.

Kisa hiki kinastahili kutangulia katika historia ya lenzi za mbali, kwa sababu kinadhihirisha tabia ya mwambao wetu wa Uvira: hapa vitu vinavyostahili kutazamwa aghalabu huwa ng'ambo ya maji, au juu ya mlima, au mahali ambapo mguu wa mtu hauwezi kwenda kwa salama. Kiboko hufika mpaka kwenye fukwe za mji. Mamba wamo mlangoni mwa Ruzizi. Ndege wa majani ya delta huruka kabla ya mtumbwi kuwakaribia. Na taa za Bujumbura huonekana usiku kutoka Uvira kana kwamba ni za mtaa wa jirani. Mtu anayetaka kuvitia vitu hivyo katika picha hana budi kununua umbali, na umbali, tangu lenzi ya kwanza ya mbali ilipoundwa hadi leo, haujapata kutolewa bure. Hulipwa kwa nuru, au kwa uzito, au kwa ukali wa picha, au kwa fedha. Na historia yote ya lenzi hizi ni historia ya mafundi waliojitahidi kuipunguza bei hiyo bila ya kuweza kuifuta.

Lenzi ya kawaida, ikitakiwa ivute mbali, hurefuka. Kwa kuwa urefu wa fokasi, yaani masafa kutoka katika kitovu cha lenzi hadi pale sura ya kitu cha mbali inapokusanyika, ndio unaoamua ukubwa wa sura hiyo, mtu aliyetaka kukikuza kitu mara nne kuliko kawaida alilazimika kubeba sanduku lenye urefu mara nne. Mnamo mwaka 1891, Thomas Dallmeyer wa London alipata hataza ya mpango mwingine, na mwaka huo huo Adolf Miethe na Adolf Steinheil, kila mmoja kwa njia yake huko Ujerumani, walifikia maarifa hayo hayo: vioo vya mbele vinavyokusanya nuru vifuatwe nyuma na vioo vinavyoitawanya kidogo, na kwa hila hiyo bomba fupi likafanya kazi ya bomba refu. Hapo ndipo lenzi ya mbali ilipozaliwa. Walakini nuru iliyofika kwenye bamba la picha ilikuwa haba mno, na mabamba ya siku zile yalikuwa mazito ya kuipokea. Kwa hiyo mpiga picha alilazimika kuliacha tundu wazi kwa muda, na mnyama aliyetikisa sikio akageuka kuwa kivuli.

Pamoja na dhiki hiyo, Afrika ya Mashariki ilikuwa miongoni mwa nchi za awali ambazo lenzi hizo zilijaribiwa juu ya wanyama wa porini. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha katika nchi za Kilimanjaro na Umasai, mchana kwa lenzi ya mbali na usiku kwa mwako wa unga, na kitabu chake cha mwaka 1905 kiliwashangaza wasomaji wa Ulaya ambao mpaka wakati huo walimjua simba kwa michoro. Kongo nayo ilipata fungu lake: mwaka 1921 Carl Akeley, Mmarekani aliyekuwa amebuni kamera ya sinema iliyo nyepesi kugeuzwa na kukubali lenzi ndefu, aliwapiga sokwe wakubwa, yaani gorila, wa milima ya Virunga picha za mwendo, ambazo hazikuwa zimepata kupigwa na mtu yeyote kabla yake. Mfalme Albert wa Ubelgiji aliianzisha hifadhi ya taifa katika milima hiyo mwaka 1925. Akeley alifariki mwaka uliofuata katika mteremko wa Mikeno, na huko ndiko alikozikwa.

Mapinduzi ya pili yalikuja pamoja na kamera ndogo ya filamu ya milimita 35, ambayo Leica iliiingiza sokoni mwaka 1925. Picha ilipokuwa ndogo, lenzi ya kuvuta mbali nayo ikapungua ukubwa. Na kwa ajili ya michezo ya Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, kiwanda cha Zeiss kilitoa lenzi ya milimita 180 yenye tundu la f/2.8, iliyoweza kumnasa mkimbiaji bila ya kumfanya kivuli. Lakini lenzi hiyo ilikuwa na urefu mmoja tu. Aliyetaka kuona karibu zaidi au mbali zaidi ilimbidi asogee yeye, au afungue lenzi moja na kufunga nyingine, na katika mwambao wa vumbi na upepo wa ziwa, kufungua kamera ni kukaribisha mchanga ndani yake.

Jawabu likawa ni lenzi ya zumu, ambayo ndani yake makundi ya vioo husogeleana na kuachana hata urefu wa fokasi ukabadilika mkononi mwa mpiga picha. Wazo lilikuwa la zamani, lakini kwa kamera za picha zisizo za mwendo lilitimia mwaka 1959, Voigtländer ilipotoa Zoomar ya milimita 36 hadi 82 iliyobuniwa na Frank Back. Na katika mwaka huo huo Nippon Kogaku ya Japani ikatangaza zumu ya mbali ya milimita 85 hadi 250 kwa ajili ya kamera mpya ya Nikon F. Zumu za kwanza zilikuwa nzito, na picha zake hazikuwa na ukali wa lenzi za urefu mmoja, hata wapiga picha wa heshima wakazikataa kwa muda mrefu. Bei ya umbali ilikuwa imebadilika sura: mtu alipata wepesi wa kuchagua, akalipa kwa ukali na kwa uzito.

Ziwa letu lenyewe linatoa ushahidi mzuri wa zama hizo. Tarehe 14 Julai 1960, Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe, katika ufuko wa mashariki, kaskazini ya Kigoma, akiwa na darubini na subira. Sokwe walimkimbia kwa miezi, naye akawatazama kutoka juu ya kilima, masafa marefu, hata wakaanza kuizoea sura yake. Mwaka 1962 mpiga picha Hugo van Lawick alitumwa na National Geographic kuwapiga picha, na kazi aliyoifanya kwa lenzi zake ikauthibitishia ulimwengu mambo ambayo wataalamu walikuwa wakiyatilia shaka, la kwanza likiwa ni kwamba sokwe hutengeneza ala ya kuvulia mchwa. Hapa pana funzo ambalo wauzaji wa lenzi hawalitaji: subira ya Goodall ilikuwa imekwisha kulipa sehemu kubwa ya umbali kabla lenzi haijaelekezwa. Mnyama aliyekuzoea huhitaji milimita chache kuliko mnyama aliyekuona jana.

Katika miaka iliyofuata bei iliendelea kushuka. Vioo vya fluoraiti na vya aina nyingine adimu viliondoa rangi za uongo zilizokuwa zikizingira kingo za vitu vya mbali; kompyuta zikapiga hesabu ambazo mafundi wa zamani walizifanya kwa mkono; na mwaka 1995 Canon ikatoa zumu ya milimita 75 hadi 300 yenye kifaa ndani yake cha kutuliza mtikisiko wa mkono, ya kwanza ya aina yake kwa kamera za kubadilishwa lenzi. Kabla ya hapo kanuni ilikuwa kwamba anayeshika lenzi ya milimita 400 mkononi asipige kwa muda mrefu kuliko sehemu moja ya 400 ya sekunde. Baada ya hapo kanuni hiyo ikalegea. Kisha Tamron mwaka 2013, na Sigma mwaka 2014, zikatangaza zumu za milimita 150 hadi 600 kwa bei ambayo wapiga picha wasiokuwa matajiri waliweza kuifikiria, na masafa yaliyokuwa ya mashirika makubwa yakashuka mpaka kwa mtu mmoja mwenye nia.

Lakini hesabu ya nuru haikushuka pamoja na bei ya dukani. Urefu wa fokasi ukigawanywa kwa namba ya tundu hutoa upana wa mlango wa nuru: milimita 200 kwa f/2.8 ni mlango wa milimita 71 hivi. Milimita 600 kwa f/6.3 ni mlango wa milimita 95. Na milimita 600 kwa f/2.8 ungekuwa mlango wa milimita 214, kioo ambacho hakuna mtu wa kawaida awezaye kukinunua wala kukibeba. Ndiyo sababu zumu za leo zimegawanyika katika matabaka yasiyoweza kuunganishwa. Iko ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, ambayo katika toleo la pili la Canon lenye kutuliza mtikisiko huwa na uzito wa gramu 1,490. Iko ya masafa hayo hayo yenye f/4, ambayo toleo lake la kale la mwaka 1999 halizidi gramu 705. Na ziko za milimita 150 hadi 600, kama ile nyepesi ya Sigma yenye gramu 1,930, ambazo huishia f/6.3. Kutoka f/2.8 hadi f/5.6 nuru hupungua mara nne. Na kupoteza nuru mara nne, hapa kwetu, ni jambo zito kuliko linavyosikika.

Maana Uvira ina nuru ya namna yake. Asubuhi jua hutokea juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, na anayeelekeza lenzi majini hulikabili jua usoni. Alasiri jua huteremka mapema nyuma ya milima ya Mitumba, na mji huingia kivulini ilhali milima ya ng'ambo ingali inang'aa. Saa ambayo wavuvi wa ndagala huziandaa taa zao na kuingia ziwani ndiyo saa ambayo lenzi ya f/6.3 inaanza kushindwa. Wakati wa kiangazi ukungu na moshi wa mashamba yanayochomwa hutanda juu ya maji, na adhuhuri joto huifanya hewa itetemeke. Na hakuna lenzi, iwe ya thamani gani, inayoondoa hewa iliyo kati yake na kitu, bali ndefu zaidi huikusanya zaidi. Picha safi za mbali hupatikana baada ya mvua, hewa inapokuwa imeoshwa. Na masika nayo yana adui wake: unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo, na lenzi iliyofungiwa katika mfuko wa ngozi miezi mingi hupofuka taratibu.

Tena umbali hudanganya macho. Kitu cha mbele na cha nyuma, vikitazamwa kutoka mbali sana, huonekana vimekaribiana, na lenzi ndefu huikata sehemu hiyo ya dunia na kuikuza ikiwa na udanganyifu wake. Mamba wa Ruzizi aliyepewa jina la Gustave na Mfaransa Patrice Faye, na ambaye filamu ya mwaka 2004 ilieneza habari zake, hakupata kukamatwa, na kwa hiyo hakupata kupimwa. Urefu wake wote unaotajwa ni wa kukadiria kwa macho na picha. Mwenye insafu anapoonyesha picha ya mamba na watu nyuma yake, aseme alisimama wapi.

Liko na jambo la hadhari. Bandari ya Kalundu, mpaka wa Kavimvira, madaraja na askari si vitu vya kuelekezewa lenzi bila ya idhini, na lenzi ya shubiri mbili huamsha shaka ambayo simu ya mkononi haiamshi. Na iko adabu iliyo juu ya sheria: maji yalipoingia majumbani katika mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na watu wengi wakapoteza maisha, lenzi ndefu ilimwezesha mtu kuuchukua uso wa mfiwa bila ya mfiwa kujua. Uwezo huo si ruhusa. Mwenye huzuni aombwe, naye akikataa, lenzi ishushwe.

Basi kijana wa Uvira anayesimama mbele ya meza ya muuzaji, akiwa na akiba ya lenzi moja, achague kwa kujiuliza atalipa nini. Kama kazi yake ni harusi, kwaya, mpira na wavuvi wa jioni, mambo yaliyo ndani ya hatua chache na katika nuru haba, achukue milimita 70 hadi 200, yenye f/2.8 akimudu, na yenye f/4 kama mfuko au bega halistahimili. Milimita zaidi hazitamfaa gizani. Kama nia yake ni ndege wa delta na viboko wa mwambao, asijidanganye na lenzi fupi, kwa kuwa atashawishika kuisaidia kwa miguu yake, na kiboko hampi mtu nafasi ya kujuta. Achukue inayofika 400 au 600, aamke mapema, na awekeze katika tripodi imara. Asinunue kiongeza cha mara mbili kwa tamaa ya kuvipata vyote, kwa kuwa humnyang'anya robo tatu ya nuru aliyokuwa nayo. Mimi, kwa mji huu, ningemshauri aanze na ile ya kwanza. Wageni wamekwisha kuupiga mwambao wetu picha nyingi kutoka mbali. Zilizo haba ni zile za karibu, zenye majina ya watu na nyuso zao, nazo hazina mpigaji bora kuliko mwenyeji anayejua mlango wa kubisha.