Unauza mtandaoni ukiwa Arusha? Acha 'bei inboksi', zingatia mambo haya 9

Umeona raba kali Instagram. Muuzaji yupo hapahapa Chuga, Kilombero. Unauliza bei kwenye komenti, unajibiwa: "Njoo inboksi." Unaenda inboksi, kimya. Anakuja kujibu jioni, wewe umeshanunua kwa mwingine.

Huyo muuzaji hakukosa wafuasi. Amepoteza mteja aliyekuwa na hela mkononi. Na wapo wengi wa hivyo, kuanzia wauza keki wa Sakina hadi waongoza watalii wa Usa River.

Kama una biashara ndogo au blogu na unatumia simu tu, haya ndiyo ya kuzingatia.

1. Andika bei, saizi na mahali ulipo

Mteja akiona posti isiyo na bei anafikiria mambo mawili: ni ghali, au utamkadiria kwa kumwangalia sura. Wengi hawaulizi, wanapita.

Posti nzuri inajitosheleza. Mfano: "Raba ya mtumba, gredi A, namba 42, sh 35,000. Tupo Kilombero. Tunatuma kwa boda popote mjini, nauli ya boda ni ya mteja. WhatsApp namba hii." Mtu akimaliza kusoma, kilichobaki ni kusema "nitumie".

Kama bei inabadilika, mfano keki, andika inapoanzia: "kuanzia sh 30,000".

2. Usifungue kila mtandao

Akaunti tano zilizolala hazizidi mbili zinazofanya kazi. Jiulize mteja wako anashinda wapi.

WhatsApp ni ya wateja wanaokufahamu tayari. Instagram inafaa vitu vya kutazamwa: nguo, vyakula, saluni, mapambo. TikTok inakufikisha kwa watu wasiokujua kabisa. Facebook bado ina makundi ya kuuza na kununua yenye watu wengi.

Lugha nayo ina maana. Unauza parachichi na ndizi kwa watu wa mjini? Kiswahili. Unauza safari au kahawa kwa wageni? Weka na Kiingereza.

3. Tumia WhatsApp Business, ni bure

Programu hii ilizinduliwa Januari 2018 kwa ajili ya biashara ndogo. Inakupa sehemu ya kupanga bidhaa na bei, saa za kazi, na ujumbe unaojijibu wenyewe ukiwa umelala.

Kuna jambo wengi hawalijui. Ukituma tangazo kwa orodha ya watu, hadi 256 kwa orodha moja, linamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Statasi ni hivyohivyo. Kwa hiyo kila ukiuza, mwombe mteja: "Nisevu, Mama Keki Sakina, mzigo mpya naweka statasi." Sentensi hiyo moja ina faida kuliko laiki mia.

4. Jiweke kwenye ramani ya Google

Arusha tunaelekezana kwa alama: "Ukifika Sanawari kwenye mataa, ulizia." Mgeni aliyeshuka basi leo hajui hata Sanawari ni wapi.

Kujiandikisha kwenye Google kama biashara ni bure. Weka jina, namba, saa za kufungua na picha ya mlango wako. Kisha waombe wateja walioridhika waandike maoni ya kweli. Usijiandikie mwenyewe, watu wanagundua.

5. Fuata kalenda ya mji

Kama unauza gulioni, mfano Tengeru, weka posti siku moja kabla ili mtu apange safari. Ukiposti saa nane mchana wa siku ya gulio, umechelewa.

Kwenye utalii, msimu mkubwa ni Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Aprili na Mei masika yanapiga na wageni wanapungua. Lakini mgeni wa Julai hapangi safari Julai, anaanza kutafuta miezi kadhaa kabla. Msimu mfu ndio wa kurekodi na kuandika.

Kuna na AFCON 2027, iliyopangwa kuchezwa Tanzania, Kenya na Uganda, na Arusha ilichaguliwa kujengewa uwanja kwa ajili yake. Mwenye chumba cha kulaza wageni au genge la chakula ajipange mapema.

6. Picha ziwe zako

Huhitaji kamera ya bei mbaya. Toka nje asubuhi, futa kioo cha kamera ya simu, shika bidhaa mkononi ili mtu aone ukubwa wake. Kwenye video, onyesha bidhaa sekunde za mwanzo. Salamu ndefu zinamfanya mtu asogeze kidole.

Usichukue picha ya mtandaoni ukauzia bidhaa nyingine. Mteja akipokea kitu tofauti, hasira zake ataziandika hadharani.

Na kabla ya kuposti sura ya mteja, muombe ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na picha ya mtu siyo mali yako kwa sababu tu umeipiga wewe.

7. Piga hesabu kabla ya kulipia tangazo

Tuseme kila keki inakuachia faida ya sh 8,000. Ukilipia tangazo la sh 20,000, unahitaji keki tatu zilizouzwa kwa sababu ya tangazo hilo ili lijilipe na kubaki na sh 4,000. Keki mbili? Umepata hasara.

Kwa hiyo kila mteja mpya muulize: "Umetujulia wapi?" Andika kwenye daftari. Baada ya mwezi utajua hela yako inarudi au inaliwa.

Tangazo lenyewe lielekeze Arusha. Kama huwezi kutuma keki Mwanza, usilipie kuonekana Mwanza. Na achana na wafuasi wa kununua. Elfu kumi wasionunua hawalipi kodi ya fremu.

8. Linda akaunti na hela yako

Washa ulinzi wa hatua mbili kwenye WhatsApp na Instagram leo. Namba za uthibitisho zinazotumwa kwenye simu usimpe mtu yeyote, hata akisema ni wa kampuni ya simu.

Kwenye malipo, usiamini picha ya muamala. Meseji feki za malipo zipo kibao. Angalia salio lako mwenyewe ndipo umpe boda mzigo. Ukiwa na lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, mteja naye anapata imani kwa sababu anaona jina kabla ya kulipa.

Namba ya tapeli iripoti kwa kuituma 15040. Na kwa *106# unaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

9. Usitegemee mtandao peke yake

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima kwa takriban saa sita dunia nzima. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu ya nyaya za baharini iliyumbisha intaneti Tanzania na nchi jirani. Mei 2025 mtandao wa X ulifungiwa nchini. Na kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa.

Siku kama hizo, aliyekuwa na namba za wateja wake kwenye daftari alipiga simu za kawaida na kutuma meseji. Aliyekuwa na wafuasi tu alikaa kusubiri. Kila Jumapili, nakili namba za wateja wapya pembeni. Ni kazi ya dakika kumi.

Kwa wenye blogu

Andika majibu ya maswali ambayo watu wanauliza kweli. Mfano mzuri ni Mlima Meru wenye mita 4,566. Mgeni anataka kujua: unapandwa kwa siku ngapi? Kwa kawaida tatu au nne. Unaanzia wapi? Lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Unalala wapi? Vibanda vya Miriakamba na Saddle. Kwa nini unatembea na askari mwenye silaha? Kwa sababu ya wanyama kama nyati. Makala moja ya hivyo, iliyoandikwa na mtu wa hapahapa, inaweza kusomwa kwa miaka.

Ila kabla hujaanza kurusha habari, ulizia leseni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Masharti na ada zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo usitegemee cha kuambiwa kijiweni. TCRA Kanda ya Kaskazini wana ofisi hapahapa Arusha, nenda ukaulize. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa taarifa za uongo.

Anza na hili leo

Fungua posti yako ya mwisho. Ina bei? Ina mahali ulipo? Ina namba? Kama jibu ni hapana, irekebishe sasa hivi kabla hujafunga ukurasa huu. Halafu rudi kwenye komenti, kuna mtu aliuliza bei tangu asubuhi. Mjibu.