Dodoma vumbi unaliona, lakini moshi wa jikoni ndio wa kuogopa zaidi

Muulize mtu wa Dodoma kuhusu hewa chafu, atakutajia vumbi. Hajakosea. Mvua ya hapa ni ya Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima huwa karibu milimita 600 tu. Miezi inayobaki ardhi imekauka, na kuanzia Julai upepo unavuma kweli kweli. Ukiwa juu kule Chimwaga, upande wa UDOM, mji wa chini unaonekana kama umefunikwa shuka la rangi ya udongo.

Ila vumbi unaliona, unafunga dirisha, unafuta meza. Moshi wa kuni na mkaa tumeuzoea, na ndio unaoua watu wengi. Serikali, kwenye kampeni yake ya nishati safi ya kupikia, inataja vifo vya Watanzania wapatao 33,000 kila mwaka vinavyotokana na moshi huo. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani.

Hewa chafu ni nini hasa?

Ni hewa yenye chembe au gesi zinazodhuru mwili. Chembe zinapangwa kwa ukubwa:

- PM10: upana wake hauzidi maikromita 10. Vumbi jingi la barabarani liko hapa. Linawasha macho, pua na koo, na linaamsha pumu.
- PM2.5: hazizidi maikromita 2.5. Unywele wako una upana wa kama maikromita 70, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Chembe hizi zinatoka zaidi kwenye vitu vinavyoungua. Zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu inahusishwa pia na kiharusi na magonjwa ya moyo, siyo kikohozi peke yake.

Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango chake cha PM2.5 hadi maikrogramu 5 kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Jiko la kuni kwenye chumba kisicho na dirisha linapita kiwango hicho mara nyingi sana.

Dodoma inatoka wapi?

*Jikoni.* Vijijini bado kuna nyumba za tembe zenye madirisha madogo au zisizo nayo kabisa, na moto unakokwa humo humo. Mjini ni mkaa: kwenye korido, kibarazani, kwa mama lishe na kwenye mabanda ya chipsi.

*Takataka.* Majani, chupa za maji, pampasi, vyote vinachomwa nyuma ya nyumba. Plastiki ikiungua inatoa sumu ikiwemo dioksini, ambayo inahusishwa na saratani. Kuwashia mkaa kwa kipande cha plastiki au tairi ni kosa hilo hilo, tena hapa moshi uko karibu kabisa na chakula.

*Barabara na ujenzi.* Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018, ujenzi haujapoa. Malori ya mchanga na kokoto na barabara za mtaa zisizo na lami vinaongeza vumbi.

*Vyombo vya moto.* Gari au bodaboda inayotoa moshi mweusi au wa bluu ina tatizo la injini. Inakula mafuta zaidi na inatulisha wengine moshi.

Usiku wa baridi, usilale na jiko la mkaa

Juni na Julai Dodoma inapiga baridi usiku, na wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Hii inaua usiku mmoja tu.

Mkaa uliokolea hautoi moshi, ndiyo maana watu wanadanganyika. Unatoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyelala anaweza asiamke.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, kisha mpeleke hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Unaweza kuanza na nini?

*Bila kutoa hela:*

- Pikia nje, au fungua dirisha na mlango vinavyotazamana ili hewa ipite.
- Mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati unakoka moto. Kwa mujibu wa WHO, moshi wa ndani unakaribia kuongeza mara mbili hatari ya mtoto kupata nimonia.
- Loweka maharage au makande usiku kucha. Yanaiva mapema, na muda wa kukaa kwenye moshi unapungua.
- Tumia kuni kavu. Kuni mbichi zina moshi mwingi.
- Nyunyiza maji kabla ya kufagia uwanja. Yale yale ya maji ya kufulia yanatosha.
- Tenga takataka. Mabaki ya chakula na majani yafukie yawe mbolea, chupa wape wanaokusanya.

*Kwa hela kidogo:*

- Jiko banifu linatumia mkaa au kuni kidogo kuliko jiko la kawaida. Siyo suluhisho kamili, ila ni hatua.
- Panda mti upande unakotoka upepo. Mwarobaini unavumilia ukame wa huku.
- Ukikaa kwenye vumbi jingi, barakoa ya N95 inasaidia kuliko ya kitambaa.

*Ukiweza kujichanga:*

- Gesi. Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukitoa mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, ulizia ofisi ya kijiji au kata. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi wala kiberiti.
- Jiko la presha la umeme. Watu wengi wanaogopa bili, lakini jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukata linakula uniti moja tu. Mteja wa kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi. Linganisha na kopo la mkaa la mtaani kwako.

App ya simu inasemaje?

App nyingi za hali ya hewa zinaonyesha kipimo cha AQI. Kwa kipimo cha Marekani, 0 hadi 50 ni nzuri, 51 hadi 100 ni wastani. Ikipita 100, wenye pumu, watoto na wazee wachukue tahadhari. Ikipita 150, inamgusa kila mtu. Ila kumbuka, namba hiyo ni ya hewa ya nje. Haijui kinachoendelea jikoni kwako.

Siyo jukumu lako peke yako

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Serikali pia ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa. Kama una mtoto shule ya bweni, ulizia kwenye kikao cha wazazi jiko la shule linatumia nini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama. Jirani akichoma plastiki kila jioni, ongea naye kwanza. Asiposikia, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kwa bwana afya wa kata.

Lini uende hospitali?

Mtoto akipumua haraka haraka, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usisubiri kesho. Kwa mtu mzima, kikohozi kilichozidi wiki mbili kinahitaji kupimwa, hata kama unaamini ni vumbi tu.