PSA na protini nyingine: zinatabiri nini kwa mgonjwa wa saratani ya tezi dume?

Ukipewa karatasi ya majibu ya maabara yenye herufi PSA na namba mbele yake, jambo la kwanza utakalotaka kujua ni kama namba hiyo ni kubwa au ndogo. Ni swali la haki, ila halitoshi. Namba ileile, tuseme 12, kwa mzee mmoja inaweza kutokana na tezi iliyotanuka tu kwa umri, kwa mwingine ikawa ndiyo iliyofichua saratani, na kwa wa tatu ambaye tezi yake ilishaondolewa yote ikawa dalili kwamba ugonjwa umerudi.

Ukurasa huu ni wako wewe uliyeambiwa una saratani ya tezi dume, au unayemuuguza baba, mume au kaka mwenye ugonjwa huo. Mimi ni muuguzi wa jamii, na swali ninaloulizwa zaidi nikitembelea wagonjwa nyumbani ni hili: "Sista, hii namba inasema nitapona?"

PSA ni nini hasa

PSA ni protini inayotengenezwa na seli za tezi dume. Kazi yake ni kuyafanya manii yawe mepesi ili mbegu ziweze kutembea. Kiasi kidogo huvuja na kuingia kwenye damu, na hicho ndicho kinachopimwa, kwa nanogramu katika kila mililita moja ya damu.

Kwa hiyo PSA si protini ya saratani. Ni protini ya tezi dume, na kila mwanaume mwenye tezi hiyo anayo. Saratani ikianza, huvuruga mpangilio wa tezi na protini huvuja kwa wingi zaidi. Hata seli za saratani zilizohamia kwenye mifupa kwa kawaida huendelea kuitengeneza, na ndiyo maana kipimo cha damu kutoka mkononi kinaweza kuonyesha jambo linaloendelea kwenye nyonga au uti wa mgongo.

Hospitali nyingi hutumia 4 kama mpaka wa kuanza kuchunguza zaidi. Namba inaweza kupanda kwa sababu ya tezi kutanuka, maambukizi ya njia ya mkojo, kuwekewa mpira wa mkojo, kuchukuliwa kinyama, au hata kutoa manii siku moja au mbili kabla ya kupima. Inaweza pia kushushwa. Dawa za tezi iliyotanuka, finasteride na dutasteride, zikitumika kwa miezi sita hadi mwaka hupunguza PSA kwa karibu nusu. Mzee anayezimeza na kupata 3 huenda kwa kweli ana 6. Mwambie daktari kila dawa unayotumia, za mitishamba zikiwemo.

Kabla ya matibabu

Saratani ikishathibitishwa kwa kinyama, PSA huwa moja ya mambo matatu yanayosomwa pamoja. La pili ni alama za Gleason, yaani jinsi seli zinavyoonekana kwenye darubini: 6 ni seli zinazokua polepole, 8 hadi 10 ni seli kali. La tatu ni ugonjwa umeenea kiasi gani, kwa kipimo cha kidole na picha.

PSA iliyo chini ya 10, Gleason 6 na uvimbe mdogo uliobaki ndani ya tezi huitwa hatari ndogo. PSA ya 10 hadi 20, au Gleason 7, ni hatari ya kati. PSA inayozidi 20, au Gleason 8 kwenda juu, ni hatari kubwa. Moja tu kati ya hayo likiwa baya linatosha kukupandisha kundi, ndiyo maana PSA ya 5 yenye Gleason 9 si ya kuipuuza. Namba ikipita 100, mara nyingi ugonjwa umeshafika kwenye mifupa. Wengi ninaowaona huku kwetu hufika kliniki wakiwa na namba za namna hiyo, kwa sababu walisubiri mpaka mkojo ulipokataa kabisa kutoka.

Wenye hatari ndogo wana habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Uingereza walifuatilia wanaume 1,643 waliogunduliwa mapema kwa PSA, ambao waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: upasuaji, mionzi, au kuangaliwa tu kwa karibu. Baada ya takribani miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa karibu 3 kati ya 100, na makundi hayakutofautiana sana. Kwa hiyo daktari akikuambia "tusubiri huku tunapima", hajakutelekeza. Ila kusubiri bila kupima ni jambo jingine kabisa.

Baada ya matibabu, hapa ndipo PSA inaposema kweli

Ukiondolewa tezi yote kwa upasuaji, hakuna tena kiwanda cha PSA. Ndani ya wiki sita hivi inatakiwa iwe haionekani kwenye kipimo. Ikifika 0.2 na ikarudiwa ikathibitika, madaktari huhesabu kwamba ugonjwa umerudi. Kwa hiyo 0.5, ambayo mtu mwenye tezi angeifurahia, kwako ni ya kupeleka kliniki.

Ukitibiwa kwa mionzi, tezi inabaki mahali pake, na PSA hushuka polepole kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Inaweza kupanda kidogo katikati na kushuka yenyewe, jambo linalowaondolea wengi usingizi bure. Kinachohesabiwa ni kiwango cha chini kabisa ulichowahi kufikia, ongeza 2. Kama chini kabisa ilikuwa 0.6, basi 2.6 ndiyo ya kuchukuliwa kama ugonjwa kurudi.

Ikirudi, swali ni kasi. Mwanaume ambaye PSA yake inakwenda kutoka 0.4 hadi 0.8 ndani ya miezi mitatu ana ugonjwa wenye haraka, na anahitaji kuonwa mapema. Yule inayemchukua mwaka mmoja na nusu kufanya safari hiyohiyo anaweza kuishi miaka mingi, na pengine akafa kwa jambo jingine. Kasi hiyo haijulikani kwa kipimo kimoja. Inahitaji vipimo kadhaa vyenye tarehe, na ikiwezekana vya maabara ileile, maana mashine hutofautiana.

Kwa ugonjwa ulioenea, tiba ya kwanza ni kuzima homoni ya kiume, kwa sindano au kwa kuondolewa korodani. Hapa namba ya mwezi wa saba hutazamwa sana. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa ambao PSA yao ilishuka hadi 0.2 au chini baada ya miezi saba ya tiba, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 75 kuanzia hapo. Walioishia kati ya 0.2 na 4, ilikuwa miezi 44. Waliobaki juu ya 4, miezi 13. Sikuandikii haya ili ukae kuhesabu siku. Hizo ni takwimu za kundi, tena za kabla ya dawa mpya zilizopo sasa. Nimeziandika kwa sababu mgonjwa ambaye namba yake haikushuka vizuri ndiye anayepaswa kuuliza mapema kuhusu dawa za nyongeza, badala ya kurudi nyumbani na kuambiwa aendelee tu.

Kabla ya kukata tamaa kwa PSA iliyopanda, angalieni kadi ya sindano. Ipo sindano ya kila mwezi na ipo ya kila miezi mitatu. Ikirukwa kwa kukosa nauli au dawa kuisha hospitalini, homoni hurudi na PSA hupanda. Daktari anaweza kupima homoni yenyewe ili kujua tatizo liko wapi.

Protini nyingine unazoweza kusikia

Ki-67 hupimwa kwenye kinyama. Huonyesha ni seli ngapi ziko katika kugawanyika, na zikiwa nyingi ugonjwa huwa na kasi. PTEN ni protini inayozuia seli kukua ovyo. Isipoonekana kwenye kinyama, ni dalili ya ugonjwa mkali zaidi. AR-V7 hutafutwa kwenye seli za saratani zinazozunguka katika damu, kwa mgonjwa ambaye tiba ya homoni imeshamshinda. Ikipatikana, dawa kama abiraterone na enzalutamide huwa na nafasi ndogo ya kumsaidia.

Vipimo hivi ni ghali na sehemu nyingi za Afrika Mashariki havipo. Maoni yangu ni haya: kabla familia haijauza ng'ombe ili sampuli ipelekwe nje ya nchi, muulizeni daktari, "Majibu yakija, dawa yake itabadilika?" Kama jibu ni hapana, hela hiyo iende kwenye sindano, nauli na PSA ya kila miezi mitatu.

Usiisubiri namba

Zipo saratani kali za tezi dume zinazotoa PSA kidogo sana. Mgonjwa akikonda au maumivu ya mifupa yakizidi wakati PSA iko chini, mwili wake uaminiwe kuliko karatasi. Na akiwa na maumivu ya mgongo, kisha miguu ikaanza kulegea au kufa ganzi, au akashindwa kuzuia mkojo au choo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa, na ukichelewa kutibiwa anaweza asitembee tena. Bebeni daftari lenye tarehe, namba za PSA na dawa alizopata, maana daktari wa zamu huenda hajawahi kumwona.