Onyo la moto, au onyo la joto?

Kengele inalia. Taa nyekundu inawaka mbele ya marubani wawili wa Boeing 737, na katikati yao mpini wa injini mojawapo nao umewaka mwekundu. Ndege iko juu ya mawingu. Hicho kinachotangazwa na kengele tukiite nini kwa Kiswahili?

Nimekuta "king'ora cha moto" na nimekuta "tahadhari ya moto". King'ora nakiondoa mapema. Hicho ni cha gari la wagonjwa na la polisi. Humu kinacholia ni kengele, tena rubani huinyamazisha upesi ili asikilizane na mwenzake. Kengele ikinyamaza, jambo lenyewe bado lipo.

Tahadhari inadai mjadala. Ndani ya chumba cha marubani rangi zina vyeo. Nyekundu inataka tendo sasa hivi. Njano ya kaharabu inataka rubani ajue sasa hivi, na tendo laweza kufuata. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa vyeo hivyo, ila tumeyachakaza kwa kuyatumia kama mapacha. Onyo hutolewa: limetokana na kuonya, na kuonya asili yake ni kumfanya mtu aone. Tahadhari huchukuliwa, na mwenye kuichukua ni yule aliyeambiwa. Basi nyekundu iwe onyo, kaharabu iwe tahadhari, na taarifa ndogondogo ziitwe angalizo, neno ambalo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekwisha kulizoesha masikioni mwetu kila mvua kubwa inapokaribia.

Kazi kubwa iko kwenye neno lililoonekana jepesi: moto. Maji ya moto hayana miali. Mtoto mwenye homa mwili wake ni wa moto, na hakuna anayeita zimamoto. Mwanzoni niliona huu ni udhaifu wa lugha yetu, nikatafuta neno la miali peke yake. Kisha nikajifunza jinsi mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Kuzunguka injini zimepitishwa nyuzi nyembamba za kunasa joto, jozi mbili zikiitwa A na B, na kwa kawaida zote mbili lazima zikubaliane ndipo kengele ilie. Hazina macho. Joto likifika kiwango cha kwanza, taa ya kaharabu inasema injini imepata joto kupita kiasi; likipanda zaidi, nyekundu inawaka. Bomba la hewa ya moto inayovutwa kutoka injini likipasuka, kengele ileile inaweza kulia pasipo mwali hata mmoja. Kwa hiyo "moto" wetu, wenye miali na usio na miali, unasema kile ambacho nyuzi zinakijua hasa. Naliacha neno lilivyo: onyo la moto wa injini. Na rubani hangoji kujua ni moto upi. Anatenda kana kwamba miali ipo.

Anatenda nini? Mtambo unaojirekebishia msukumo unaondolewa kazini, mkono wa msukumo unarudishwa nyuma kabisa, mkono wa mafuta unawekwa mahali pa kukata, kisha mpini ule mwekundu unavutwa. (Nimekataa kuuita "mpini wa moto", ungemuunguza msomaji. Ni mpini wa kuzimia moto.) Kuuvuta kunafunga mafuta, hewa na majimaji ya haidroli, na kutenga jenereta. Taa ikiendelea kuwaka, mpini unazungushwa upande mmoja na mtungi wa kwanza unamwaga gesi ya haloni. Zinahesabiwa sekunde 30. Bado inawaka? Unazungushwa upande wa pili. Mitungi ni hiyo miwili tu kwa injini zote mbili.

Hapo kitenzi kimoja kimebeba kazi mbili. Kukata mafuta ni kuzima, kumwaga haloni ni kuzima. Mara nyingine zima ya kwanza inatosha, maana moto umenyimwa chakula. Mwandishi akisema "rubani alizima" akaishia hapo, hajasema kitu. Kitenzi hiki kipewe shamirisho kila mara, na shamirisho likiwa injini, lipewe namba.

Namba hiyo ina historia chungu. Tarehe 8 Januari 1989, ndege ya British Midland aina ya 737-400 ilitoka London Heathrow kwenda Belfast. Bapa moja la feni katika injini ya kushoto lilivunjika. Ndege ikatetemeka, moshi ukaingia. Marubani wakazima injini ya kulia, iliyokuwa nzima. Mtetemo ukapungua, wakaamini wamepatia. Karibu na uwanja wa East Midlands injini ya kushoto ikaishiwa nguvu, na ndipo onyo lake la moto likalia. Ndege iliangukia ukingo wa barabara kuu ya M1 karibu na Kegworth; kati ya watu 126, walikufa 47.

Kuzuia kosa kama hilo, katika orodha ya hatua, kabla ya kusogeza mikono ile na mpini, kuna neno moja la Kiingereza linalorudiwarudiwa: "confirm". Wengi wangelifasiri "hakikisha". Mimi nachagua "thibitisha", kwa kuwa mtu aweza kuhakikisha peke yake. Rubani ameushika mpini, hajauvuta. Mwenzake anainamisha kichwa, anasoma namba iliyoandikwa juu yake, anaitamka: "Moja."