Nani Atakupa Pasi?

Ligi ya kwanza ya kitaifa ya kandanda nchini Kenya ilibebwa na Nakuru. Mwaka 1963, mwaka uleule wa Uhuru, Nakuru All Stars walitwaa taji hilo, wakalirudisha tena mjini 1969. Miongo ikapita, zamu ikawa ya raga: Nakuru RFC, Wanyore, wakanyakua Kombe la Kenya 2013 na 2014. Kutoka mtaa wa Kiamunyi, kwenye barabara ya Eldama Ravine, hadi viwanja vya mjini ni safari fupi ya matatu. Watu wa huko wanaujua mchezo wa timu, na wanajua kwamba mchezaji hata awe hodari namna gani hula kwa jasho la wenzake. Asipopewa pasi hana kazi.

Ndiyo sababu wachezaji wa timu walichelewa zaidi kuliko waandishi na waimbaji kusema hadharani kwamba wanapenda wanaume wenzao. Mwenye kalamu anaweza kusema peke yake. Beki hawezi.

Justin Fashanu alizaliwa London mwaka 1961, baba Mnigeria na mama wa Guyana. Yeye na mdogo wake John walilelewa na wazazi walezi Wazungu huko Norfolk. Akiwa na umri wa miaka 18 alifunga bao dhidi ya Liverpool lililochaguliwa kuwa bao bora la msimu, na mwaka 1981 Nottingham Forest wakamnunua kwa pauni milioni moja. Hakuna mchezaji mweusi wa Uingereza aliyewahi kufikia bei hiyo kabla yake. Kocha Brian Clough alipopata habari kwamba kijana huyo huonekana kwenye vilabu vya mashoga, alimzuia kufanya mazoezi na wenzake, na siku moja akaita polisi wamtoe uwanjani. Fashanu alikuwa bado hajatangaza lolote hadharani. Adhabu ilimfikia kabla ya maneno.

Oktoba 1990 aliyasema, kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti la The Sun. John, ambaye naye alikuwa mshambulizi mashuhuri, alimkana magazetini. Justin akawa mtu wa kuhamahama, klabu hii leo na ile kesho, Uingereza, Uskochi, Marekani. Mei 1998 alijiua mjini London akiwa na miaka 37. Wakati huo kijana mmoja wa Maryland, Marekani, alikuwa amemshtaki kwa kumdhulumu kingono. Katika barua aliyoiacha Fashanu alikana. Sitaliruka jambo hilo, kwa kuwa shtaka ni zito na halikuwahi kusikilizwa. Lakini pia sikubali limeze miaka kumi na saba iliyotangulia, tangu alipofika Forest, ambayo aliipita karibu peke yake.

Tangu Fashanu alipojitangaza, miaka takriban 32 ilipita bila mwanasoka wa kiume wa kulipwa nchini Uingereza kujitangaza akiwa bado anacheza. Ukimya ulivunjwa Mei 2022 na Jake Daniels wa Blackpool, kijana wa miaka 17.

Nakuru ilikuwa na mtu wake mapema zaidi, ila hakuwa mchezaji. Binyavanga Wainaina alizaliwa mjini humo Januari 1971. Baba yake aliongoza Bodi ya Pareto, na mama yake, mwenye asili ya Kisoro nchini Uganda, alikuwa na saluni. Alisoma Moi Primary, akashinda Tuzo ya Caine 2002, akaanzisha jarida la Kwani? mwaka uliofuata. Januari 2014, alipotimiza miaka 43, alichapisha insha ambamo anamweleza mama yake, aliyefariki mwaka 2000, kile ambacho hakuwahi kumwambia akiwa hai: kwamba yeye ni shoga. Alichagua wakati akijua. Rais wa Nigeria alikuwa ametia saini sheria kali dhidi ya mashoga mwezi huohuo, na Uganda ilikuwa inajiandaa kufanya vivyo hivyo.

Wiki tano baadaye, tarehe 23 Februari, Jason Collins aliingia uwanjani Los Angeles akiwa na jezi ya Brooklyn Nets, mchezaji wa kwanza wa NBA kucheza baada ya kujitangaza. Kesho yake, kule Entebbe, Rais Museveni alitia saini sheria ya Uganda mbele ya kamera. Mahakama ya Katiba iliibatilisha Agosti mwaka huohuo; nyingine ikaja 2023.

Kenya haikuhitaji sheria mpya. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, urithi wa wakoloni tangu 1930, kinatoa kifungo cha miaka 14. Obama alipolitaja suala hilo Nairobi mwaka 2015, Rais Uhuru Kenyatta alijibu kwamba Wakenya wana mambo mengine ya kushughulikia. Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei 2019. Siku tatu baadaye Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kibaki.

Kwa mchezaji, hata hivyo, naamini hukumu ya kwanza hutolewa na wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mfano ninaoupenda ni wa raga. Gareth Thomas, aliyekuwa nahodha wa Wales, alilemewa na siri yake baada ya mechi moja mjini Cardiff mwaka 2006, akamfungukia kocha Scott Johnson. Kocha aliona mzigo ule haubebwi na mtu mmoja, akawaambia wachezaji wawili, Stephen Jones na Martyn Williams. Walimwendea Thomas, wakamwambia kwao hakuna kilichobadilika. Hakuna aliyekimbilia magazeti. Habari ilisubiri hadi mwenyewe alipoitoa Desemba 2009. Katika miaka hiyo ya kati, kwenye Kombe la Dunia la 2007 mjini Nantes, Thomas akawa mchezaji wa kwanza wa Wales kufikisha mechi 100 za kimataifa. Siku hiyo alifunga trai, Martyn Williams naye akafunga, na bado Fiji wakashinda 38 kwa 34.